Usukani Hauinuki Peke Yake

Maandishi ya mada iliyotayarishwa kwa waendeshaji wa pikipiki za magurudumu matatu, wenye vyombo, mafundi wa jua kali, na watumiaji wa pikipiki zilizorekebishwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu



Mada ya leo inahusu kipande kidogo cha chuma. Ni kile kinachofungwa kati ya foki na usukani ili usukani upande juu na kusogea nyuma, karibu na kifua cha mwendeshaji. Katika mada hii kitaitwa kipandisho. Wapo waendeshaji waliokwisha kukifunga na wapo wanaofikiria kukifunga. Mafundi nao wanaijua kauli ya wateja: "Fundi, niinulie usukani kidogo, mgongo na mabega yanauma."

Hakuna aliyekuja hapa kuikataza kazi hiyo. Mwendeshaji aliyeketi vizuri huona mbali, huchelewa kuchoka na huwahi kushika breki. Lakini usukani hauinuki peke yake. Ukipanda sentimita tatu, unavuta pamoja nao waya wa klachi, waya wa aksileta, waya au bomba la breki ya mbele, na nyaya za umeme za taa, indiketa na honi. Vyote hivyo vilikatwa kiwandani kulingana na mahali usukani ulipokuwa mwanzo. Hatari ya kazi hii huanzia hapo: chuma kimefungwa kikakaza, mteja amefurahi, lakini waya umebaki mfupi. Mteja atalijua hilo siku atakapokata kona kali akiwa na mzigo.

Kwa nini magurudumu matatu huchosha mikono

Pikipiki ya magurudumu mawili hulala kwenye kona. Mwendeshaji husukuma usukani kidogo tu, pikipiki inalala, na kule kulala ndiko kunakoigeuza. Uzito wake na wa abiria wake humsaidia.

Pikipiki ya magurudumu matatu hailali. Magurudumu mawili ya nyuma yanaisimamisha wima hata kwenye kona. Kwa hiyo gurudumu la mbele lazima lielekezwe kwa nguvu za mikono, tangu kona inapoanza hadi inapokwisha. Wakati huohuo mwili wa mwendeshaji unasukumwa upande wa nje wa kona, naye hushikilia usukani ili asiteleze kitini. Mikono inafanya kazi mbili kwa pamoja: kugeuza chombo na kumshika mwenyewe.

Ongeza mzigo. Mtungi mmoja wa lita 20 za maji una uzito wa kilo 20, mbali na uzito wa mtungi wenyewe. Anayepakia mitungi 20 amebeba kilo 400. Kila shimo linalokanyagwa na gurudumu la mbele hupanda kupitia foki hadi viganjani. Anayeanza kazi saa kumi na moja alfajiri na kumaliza jua likitua, mikono imenyooka na mgongo umeinama, hana budi kuumia.

Kuna jambo lingine ambalo waendeshaji wa tuktuk za mizigo wanalijua hata kama hawajalipa jina. Usukani ukikatwa hadi mwisho, mkono mmoja huja karibu na tumbo na mwingine huenda mbali. Katika kuingia kushoto kwenye njia nyembamba, mkono unaokwenda mbali ni wa kulia, ndio ulioshika aksileta. Usukani ukiwa mbali mno, bega linanyooka, kiwiko kinanyooka, halafu kifundo cha mkono kinajikunja bila mtu kutaka. Mafuta yanaongezeka au yanakatika katikati ya kona. Kwa mtu mwenye mikono mifupi, kusogeza usukani karibu ni suala la usalama hata kabla ya kufikiria starehe.

Maumivu haya yanajulikana hata mbali na hapa. Kule Marekani na Kanada kuna watu wanaosafiri masafa marefu kwa pikipiki kubwa za magurudumu matatu, kama vile Honda Gold Wing iliyobadilishwa ikawekwa magurudumu mawili nyuma, au Harley-Davidson Tri Glide, iliyoanza kuuzwa kama toleo la mwaka 2009. Wengi wao ni watu wazima wenye mabega yaliyochoka, na vipandisho ni miongoni mwa vitu vinavyouzwa sana kwa ajili ya pikipiki hizo. Vingi huinua au kusogeza usukani kwa sentimita 2 hadi 5 tu. Anayevitengeneza huvipima kwa aina moja ya pikipiki, na humwambia mnunuzi kama nyaya za zamani zitatosha au zinahitaji kubadilishwa.

Tuktuk ya mizigo ya hapa nyumbani mara nyingi haina kipandisho kilichotengenezwa kwa ajili yake. Fundi hukichonga mwenyewe au huchukua cha pikipiki nyingine. Hakuna ubaya katika ubunifu huo, mradi ile kazi ya kupima ambayo kule hufanywa na kiwanda, hapa ifanywe na fundi.

Kabla ya kuinua, tafuta kinachouma

Usukani mzito haumaanishi kila mara kwamba usukani uko chini. Fundi mzuri huangalia mambo matano kabla ya kushika spana.

La kwanza ni upepo wa gurudumu la mbele. Gurudumu lililopungua upepo hufanya usukani uwe mzito, na dawa yake ni pampu.

La pili ni beringi za usukani. Inua gurudumu la mbele lisiguse chini, kisha ugeuze usukani polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukikwama kidogo katikati kama ulioingia kwenye kishimo, beringi zimekula. Shika miguu ya foki, uivute mbele na nyuma. Ikigonga, beringi zimelegea. Kufunga kipandisho juu ya beringi mbovu ni kuficha ugonjwa.

La tatu ni mahali mzigo unapokaa. Mzigo uliosukumwa mbele sana hulemea gurudumu la mbele. Uliorundikwa nyuma ya ekseli hulinyanyua gurudumu hilo, na chombo kinatangatanga barabarani. Mzigo mzito ukae chini, karibu na ekseli ya nyuma, kwa upande wa mbele wa ekseli hiyo.

La nne ni kiti. Sponji iliyokwisha humshusha mwendeshaji, na anaposhuka, usukani humwia juu na mbali zaidi. Wapo walioinua usukani, kumbe walihitaji sponji mpya.

La tano halina gharama yoyote. Legeza klampu, uzungushe usukani wenyewe nyuma kidogo, kaza, ujaribu. Usukani mwingi umepinda, kwa hiyo kuuzungusha kidogo husogeza mishiko karibu kwa sentimita moja au zaidi. Kuna mteja ambaye shida yake itaishia hapo.

Mambo hayo yakishaangaliwa na maumivu yakabaki, ndipo kipimo kichukuliwe. Mwendeshaji aketi anavyoketi kazini, mgongo ukiwa wima bila kukakamaa. Afumbe macho na kunyoosha mikono kama anayeshika usukani, viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo, vifundo vimenyooka, mabega yameshuka. Mtu wa pili apime kwa futi kutoka kwenye mshiko hadi kiganjani, kwa juu na kwa nyuma. Kipimo hicho ndicho kinachotafutwa. Viganja visipande juu ya mabega, kwa sababu mikono iliyoinuliwa huchoka upesi na kufa ganzi. Jambo la kukumbuka ni kwamba shingo ya usukani imelala nyuma. Kipandisho kinachofuata mlalo huo kitaleta usukani nyuma kadiri kinavyoupandisha.

Kanuni ni moja: inua kidogo kadiri inavyotosha. Kila sentimita inayoongezwa huongeza nguvu inayopinda bolti zilizoshika kipandisho, na kila sentimita hupunguza waya.

Kipandisho gani, na bolti gani

Vipandisho ni vya aina mbili. Kuna kile cha kuwekwa chini ya klampu za zamani, ambacho huhitaji bolti ndefu zaidi. Na kuna kile chenye klampu yake juu, ambacho hufungwa pale klampu ya zamani ilipokuwa. Aina zote mbili zinafaa zikitengenezwa kwa chuma au alumini ngumu, kwa kipimo kimoja kulia na kushoto.

Pikipiki nyingi ndogo zina usukani wenye kipenyo cha milimita 22. Kubwa za aina ya safari mara nyingi huwa na milimita 25.4, yaani inchi moja. Klampu ya inchi moja haiwezi kushika usukani wa milimita 22. Kuviringisha bati la mkebe au kipande cha tyubu ili kujaza nafasi hiyo ni kukaribisha ajali, kwani usukani utazunguka wenyewe siku mwendeshaji atakapoushika kwa nguvu akifunga breki.

Bolti ziwe na alama ya 8.8 au zaidi kichwani. Bolti isiyo na alama haifai hapa. Urefu nao upimwe. Bolti ya milimita 8 iingie kwenye nyuzi angalau milimita 8 kama nyuzi ziko ndani ya chuma, na angalau milimita 12 kama ziko ndani ya alumini. Kipandisho cha milimita 30 kikiwekwa chini ya klampu, bolti mpya nayo iwe ndefu kwa milimita 30 kuliko ya zamani. Fundi anayetumia bolti ya zamani "kwa sababu imeshika" ameacha nyuzi mbili au tatu zibebe maisha ya mtu.

Kuna mambo matatu yasiyokubalika hata mteja akisihi vipi. Usukani usikatwe na kuchomelewa bomba. Moto hubadilisha chuma pembeni mwa mchomeleo, na hapo ndipo ufa huanzia, ukajificha chini ya rangi hadi siku bomba litakapokatika na kumwachia mtu mshiko mkononi. Bomba la maji lisitumike kama usukani. Washa zisirundikwe moja juu ya nyingine badala ya kipandisho, kwa kuwa hulegea, nazo zikilegea bolti hupinda.

Kazi yenyewe

Egesha chombo mahali tambarare, kizibe magurudumu kwa mawe, toa waya wa betri. Funika tangi kwa gunia au blanketi, kwa sababu usukani utalalia hapo. Chukua simu, piga picha za njia ya kila waya kutoka pande zote mbili. Picha hizo zitakuokoa wakati wa kurudisha.

Legeza vishikio vya nyaya kwenye fremu kabla ya kufungua klampu. Kisha fungua klampu, uweke usukani juu ya blanketi bila kuuacha uning'inie kwa waya wala kwa bomba la breki. Kama breki ya mbele ni ya mafuta, kikombe chake kisigeuzwe juu chini, maana hewa itaingia.

Safisha panapokaa kipandisho hadi pasibaki mchanga wala grisi. Weka vipandisho vyote viwili, tia bolti kwa mkono bila spana, na uweke usukani juu yake kabla ya kukaza chochote. Hii ndiyo njia ya kuhakikisha vimesimama sambamba. Ukikaza kimoja kwanza, cha pili kitalazimishwa kupinda.

Klampu nyingi zina kidoti au alama inayoelekea mbele. Ikiwepo, kaza bolti ya mbele kwanza, halafu ya nyuma, na pengo dogo litabaki nyuma. Isipokuwepo, kaza kwa zamu ili mapengo yalingane. Usikaze moja hadi mwisho ukairudia nyingine.

Kuhusu nguvu ya kukaza, fuata kitabu cha chombo. Kwa bolti ya milimita 8 kwenye klampu ya usukani, mara nyingi kipimo huwa kati ya newtoni-mita 20 na 30. Karakana nyingi hazina spana ya kipimo, lakini kuna njia. Chukua spana ambayo ina sentimita 25 kutoka katikati ya bolti hadi mahali pa kushika. Funga kwenye ncha hiyo mizani ya kuning'iniza, ile inayotumika kupimia mazao. Vuta kwa pembe mraba hadi mizani isome kilo 10. Hapo umekaza kwa takriban newtoni-mita 25. Fundi akirudia hivyo mara kadhaa, mkono wake utaanza kuijua nguvu hiyo. Kukaza kupita kiasi nako kuna madhara: nyuzi za alumini huchunika, na bolti hunyooka kabla haijafika barabarani.

Nyaya ndizo zenye neno la mwisho

Hapa ndipo pa kutumia muda. Pitisha nyaya upya, kwa njia iliyonyooka zaidi lakini mbali na egzosi na mbali na panapobanwa na foki. Wakati mwingine kubadilisha njia tu, kwa mfano kupitisha waya mbele ya shingo badala ya pembeni, hutoa sentimita mbili au tatu zilizokosekana. Kisha fanya majaribio haya.

Geuza usukani hadi mwisho kushoto, halafu hadi mwisho kulia. Waya wowote uliokaza kama uzi wa gitaa ni mfupi. Ubadilishe kwa mrefu zaidi. Usiuache kwa kudhani utanyooka na kuzoea.

Pima uchezo wa klachi kwenye ncha ya mkono wake. Kwa pikipiki nyingi, milimita 10 hadi 20 ni sawa. Uchezo huo ukipotea usukani unapokatwa, klachi itakuwa imeshikwa nusu kila kona, nayo itaungua bila mwendeshaji kujua sababu.

Aksileta iachiwe ikiwa imefunguliwa nusu, usukani ukiwa katikati, kushoto na kulia. Mara zote irudi yenyewe kwa kishindo. Baada ya hapo rudisha waya wa betri, washa injini gia ikiwa nyutro, ukate usukani pande zote mbili polepole. Mngurumo wa injini ukipanda hata kidogo, waya wa aksileta unavutwa. Chombo hicho kisitoke karakana. Injini inayojiongeza mafuta katikati ya kona ya soko lenye watu ndiyo hatari kubwa kuliko zote zilizotajwa katika mada hii.

Bomba la breki ya mafuta lisinyooke wala kujikunja kwa kona kali. Likiwa fupi, libadilishwe lote kwa refu, na washa za shaba kwenye maungio yake ziwe mpya. Mafuta ya breki yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikombe, iwe DOT 3 au DOT 4, na hewa itolewe hadi mkono wa breki uwe mgumu. Hata kama bomba halikufunguliwa, angalia kikombe kiwe kimelala sawa, kwa kuwa usukani uliozungushwa hukiinamisha.

Nyaya za umeme zikiwa fupi, ziunganishwe kwa risasi na kufunikwa vizuri. Kusokota na kufunga kwa nailoni ni kutafuta taa zizime usiku. Mwisho, usukani ukikatwa, pabaki angalau nafasi ya vidole viwili kati yake na tangi, magoti, na kioo cha mbele kwa vyombo vyenye kipaa.

Mteja asikabidhiwe chombo kabla hajakijaribu mwenyewe uwanjani, kwanza bila mzigo, kwa mwendo wa kutembea: kugeuka kushoto, kugeuka kulia, kusimama ghafla. Vioo vya pembeni virekebishwe kabla ya kuingia barabarani, kwani navyo vimepanda na usukani. Kesho yake jioni arudi, bolti zikaguliwe tena. Chuma kipya hujikalia baada ya kutikiswa.

Mwendeshaji asiyetumia miguu

Katika kaunti hii, kama kwingineko nchini, wapo watu wenye ulemavu wanaojiendesha kazini na sokoni kwa pikipiki za magurudumu matatu zilizorekebishwa. Kwa wengi wao, breki ya nyuma iliyokuwa ya mguu imehamishiwa mkononi. Hii ina maana kwamba usukani umebeba breki zote, klachi na aksileta. Waya mmoja mfupi kwa mwendeshaji mwingine ni usumbufu. Kwake unaweza kuwa kutokuwa na breki kabisa.

Mafundi wanaombwa mambo mawili. Kwanza, wampime akiwa ameketi jinsi anavyoketi kweli, na mkanda au mto wake ukiwepo, maana mtu asiyeweza kujisukuma kwa miguu hutumia usukani pia kujiweka sawa kitini. Pili, wasibadilishe nafasi ya mkono wa breki bila yeye kukubali. Mkono wa mtu huzoea mahali, na katika dharura hakuna muda wa kutafuta.

Sheria, mwenye chombo, na gharama

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka chombo kinachotumika barabarani kiwe katika hali isiyohatarisha watu. Usukani uliochomelewa au breki isiyorudi haviwezi kutetewa mbele ya askari wala mbele ya hakimu. Leseni na ukaguzi wa vyombo viko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kaunti inashughulikia barabara za kaunti, maegesho na uchukuzi wa umma, pamoja na vyuo anuwai vya vijijini ambamo mafundi wengi huanzia. Vijana walioko vyuoni wanafaa kufundishwa kazi hii ya usukani mapema, kabla hawajajifunza njia za mkato.

Lipo swali ambalo haliwezi kukwepwa katika kikao kama hiki: nani alipe? Waendeshaji wengi si wenye vyombo. Hupeleka hesabu kila jioni, na mwenye chombo anaweza kusema kwamba usukani haukuwa na shida alipoununua. Mwendeshaji naye hana akiba, kwa hiyo anamwomba fundi afunge chuma leo, waya mpya utanunuliwa mwezi ujao. Hapo ndipo kazi nusu huzaliwa.

Kwa wenye vyombo, hoja ni ya hesabu. Mwendeshaji anayeumwa mgongo hukosa siku za kazi, na siku aliyokosa haina hesabu ya kupeleka. Klachi iliyoungua kwa sababu ya waya mfupi ni gharama ya mwenye chombo, nayo ni kubwa kuliko bei ya waya. Kwa waendeshaji, usukani usibadilishwe kwa siri, mwenye chombo ajulishwe na akubali. Kwa mafundi, bei itajwe ikiwa nzima tangu mwanzo, yaani kipandisho, bolti, nyaya na jaribio. Mteja asiye na fedha za nyaya aambiwe arudi akiwa nazo. Kumzungushia usukani nyuma kidogo bila malipo wakati anangoja ni msaada wa kweli, na hakuhatarishi mtu.

Viongozi wa vituo wanaombwa kuyakata maswali yafuatayo na kuyabandika mahali pa wazi. Mwendeshaji yeyote ambaye usukani wake umeinuliwa, hata kama ni mwaka jana, ajiulize leo kabla ya kupakia:

1. Je, injini hubaki na mngurumo uleule usukani unapokatwa hadi mwisho kushoto na kulia?
2. Je, aksileta hurudi yenyewe ikiachiwa, usukani ukiwa upande wowote?
3. Je, klachi ina uchezo, na breki ya mbele hushika na kuachia pande zote?
4. Je, nyaya na mabomba yote yako huru, bila kukaza, kubanwa wala kusugua?
5. Je, usukani ni bomba zima lisilo na mchomeleo, na bolti zake zina alama ya 8.8 au zaidi?
6. Je, mkono wa nje hufikia mshiko bila bega kunyooka katika kona kali?
7. Je, taa, indiketa na honi hufanya kazi usukani ukiwa umekatwa?

Jibu la "hapana" kwa swali lolote kati ya hayo ni sababu ya kutosha ya kumwona fundi kabla ya safari ya kwanza. Maswali matano ya kwanza yakipata "hapana", chombo kisukumwe hadi kwa fundi, kisiendeshwe.

Mwenyekiti, mada inaishia hapo. Mafundi waliokuja na vyombo wataonyesha jaribio la kwanza na la pili uwanjani, na maswali yataulizwa hukohuko, mikono ikiwa kwenye usukani.